Acha Stonehenge, panda basi la Avebury

Kila mgeni anayekuja kututembelea huku Uingereza huniomba nimpeleke Stonehenge, lile duara maarufu la mawe ya kale, na kila mara moyo hugoma. Unalipa kiingilio, unazunguka nje ya kamba na umati wa watu walioinua simu, unarudi kwenye gari. Jiwe lenyewe hujaligusa.

Siku hizi nawapandisha basi la Swindon hadi Avebury, kwenye kaunti ile ile ya Wiltshire. Hili ndilo duara kubwa la mawe kuliko yote duniani, na sehemu ya kijiji imo ndani yake: barabara inakatiza katikati, baa ipo, kondoo wanajikuna kwenye mawe yaliyosimamishwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Kuingia ni bure, ila ukija na gari utalipia maegesho. Weka kiganja juu ya jiwe: lina mabaka ya kijivu na manjano, makavu, yanakwaruza kama ngozi ya kenge.

Wapo wanaolalamika kwamba mengi yalisimamishwa upya. Ni kweli. Zama za Kati wanakijiji waliyaangusha na kuyafukia, na mwaka 1938, chini ya jiwe moja, ikapatikana mifupa ya mwanamume aliyezikwa na mkasi na sarafu zake. Aliyeyafukua ni Alexander Keiller, tajiri wa pesa za familia zilizotokana na jemu ya machungwa. Mimi namshukuru.

Lakini utamu wenyewe uko njiani. Ramani za Explorer za Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, huonyesha njia za miguu za umma kwa vistari vya kijani, na kwenye nguzo za mageti kuna mishale ya njano. Njia hiyo ni haki yako kisheria hata kama inapita katikati ya ngano ya mtu. Mara ya kwanza nilitembea nikigeuka nyuma kila hatua, nikisubiri mwenye shamba na mbwa wake. Kijijini kwetu nako tulikatiza mashamba ya watu bila kuulizwa, hadi viwanja vilipoanza kuuzwa na kuzungushiwa seng'enge.

Mwaka jana nilikuwa na shangazi. Tukafuata njia kusini, tukaipita Silbury, kilima kilichorundikwa kwa mikono ya watu yapata mwaka 2400 KK (marufuku kukipanda), kisha tukapandisha hadi kaburi la West Kennet, ambalo lina umri wa zaidi ya miaka 5,500. Raba zake nyeupe zilikuwa tope tupu, na lawama zote zilikuwa zangu. Mlangoni nikawasha tochi, nikainama niingie. Shangazi akanivuta koti, akasogea mbele ya lile giza, akajifunga mtandio vizuri.

"Hodi," akasema.