Msimshangilie Zheglov

Ukitaka kuwasikia Warusi wakibishana mpaka chai ipoe, waulize swali moja tu: kati ya Zheglov na Sharapov, nani alikuwa sahihi? Hao ni wapelelezi wawili wa tamthilia ya polisi ya mwaka 1979 iitwayo Mesto vstrechi izmenit nelzya, yaani Mahali pa Kukutana Hapabadilishwi. Ina sehemu tano tu. Iliongozwa na Stanislav Govorukhin, ikatengenezwa na studio ya filamu ya Odessa, na ikarushwa na televisheni ya Kisovieti mwezi Novemba mwaka ule, siku zilezile za sikukuu ya polisi wao. Nchi iliyoitengeneza haipo tena, waigizaji wake wengi wameshatangulia, na ubishi haujaisha. Upande wangu nausema mapema: niko na Sharapov, na wingi wa watu wanaomshangilia Zheglov unanisikitisha.

Kwa ambaye hajaiona, tuko Moscow, mwaka 1945, vita imekwisha miezi michache tu iliyopita. Chakula ni kwa kadi za mgao. Silaha zimezagaa, na genge linalojiita Paka Mweusi linavunja maghala na kuua. Kapteni Gleb Zheglov anaongoza kikosi cha upelelezi katika jengo maarufu la Petrovka 38. Anachezwa na Vladimir Vysotsky, mshairi na mwimbaji ambaye kanda zake zilirekodiwa majumbani na kupitishwa mkono kwa mkono nchi nzima. Volodya Sharapov, anayechezwa na Vladimir Konkin, ni ofisa kijana aliyetoka mstari wa mbele. Upelelezi haujui, anaujifunza kwa Zheglov.

Sasa njoo kwenye tramu. Mwizi wa mifukoni anayeitwa Kirpich amemchomolea mwanamke mmoja pochi. Wapelelezi wanamdaka, lakini jamaa ni mzoefu, pochi ameshaiachia. Bila pochi hakuna kesi. Zheglov anaichukua na kumtumbukizia mfukoni, halafu mbele ya watu anataka apekuliwe. Stanislav Sadalsky anamcheza Kirpich kwa kitembe, anauliza kwa mshangao pochi gani hiyo, na mtazamaji anacheka. Sharapov hacheki. Baadaye, wakiwa nyumbani, anamwambia mkubwa wake uso kwa uso kwamba alichofanya ni uchafu. Zheglov anawaka, na jibu lake limekuwa msemo wa taifa zima: mwizi anatakiwa akae jela, na watu hawajali nimemfikishaje huko.

Hapo ndipo watazamaji wanapogawanyika, na kwa ninavyowasikia, walio wengi wako na kapteni. Hoja yao si ya kijinga. Kirpich kweli aliiba. Katika nyumba ileile wanamoishi wapelelezi, yenye familia nyingi na jiko moja, kuna mama aliyeibiwa kadi za mgao akabaki analia, hajui watoto watakula nini. Umwambie nini mama huyo kuhusu taratibu za upekuzi? Tena ile pochi inazaa matunda, maana Kirpich akishabanwa anatoa jina la mtu, na kutoka jina hilo wapelelezi wanafika hatua kwa hatua kwa Fox, mmoja wa majambazi wa Paka Mweusi, na Fox ndiye njia ya kulifikia genge. Ni hoja ambayo hata vijiweni kwetu utaisikia kila siku, kwamba ukicheka na nyani utavuna mabua. Siwezi kujifanya sielewi. Aliyewahi kuvunjiwa nyumba anaelewa.

Lakini watu hao wanaisahau nusu nzima ya hadithi, na nusu hiyo ina jina: Ivan Sergeyevich Gruzdev. Ni daktari, mtu mzima, mwenye kiburi kidogo, amechezwa na Sergei Yursky kwa namna ambayo humpendi na huwezi kuacha kumwangalia. Aliyekuwa mke wake ameuawa kwa risasi. Bastola ni ya Gruzdev, na inakutwa kwake. Kwa Zheglov kesi imekwisha. Anamweka mahabusu na kumshinikiza akiri. Kumbe bastola ile iliwekwa pale na Fox mwenyewe ili daktari aonekane muuaji.

Tazama vizuri kilichofanyika hapo. Jambazi amembambikia mtu kielelezo, na kapteni amembambikia mtu kielelezo, katika hadithi moja. Ndugu Arkadi na Georgi Vainer, walioandika riwaya na kisha mwongozo wa filamu, hawakuviweka pamoja kwa bahati mbaya. Kitendo ni kimoja, na tofauti pekee iliyopo ni kwamba safari hii aliyebambikiwa alikuwa mwizi. Nani alihakikisha hilo? Zheglov peke yake, kwa jicho lake. Na jicho hilohilo lilimwangalia Gruzdev likaona muuaji.

Anayemtoa Gruzdev ni Sharapov, kwa kazi ya kuchosha isiyo na mbwembwe. Anarudi kwa jirani aliyedai kumwona daktari siku ya mauaji, anamuuliza upya kuhusu saa, jirani anaukumbuka muda kwa matangazo ya mpira redioni, na Sharapov anaanza kulinganisha saa hizo moja baada ya nyingine. Hakuna wimbo unaopigwa, hakuna mtu anayekimbia. Ni kijana na maswali yake tu, na mwisho wake mtu asiye na hatia anarudi nyumbani. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu bora ya kipolisi katika kazi nzima, na sikumbuki hata mara moja nimesikia mtu akiisimulia kwa furaha ile wanayosimulia nayo pochi ya Kirpich.

Na Zheglov anapotakiwa amwombe daktari radhi? Anakataa. Anasema hakuna adhabu pasipo kosa. Gruzdev angeyamaliza mambo ya wanawake wake mapema na asingeacha bastola ovyo. Ningependa kila anayesema "zama zile zilikuwa ngumu" asimame kwenye sentensi hiyo. Ugumu wa zama unaweza kueleza pochi. Hauelezi kwa nini mtu umemweka ndani bure, umejua kwamba umemweka bure, na bado mdomo haufunguki kumwambia samahani.

Mwaka 2016 sanamu ya Zheglov na Sharapov ilisimamishwa Petrovka 38, makao makuu ya polisi wa Moscow. Miaka mitatu baadaye, tarehe 6 Juni 2019, polisi wa jiji hilohilo walimkamata mwandishi wa habari za uchunguzi Ivan Golunov na kudai wamemkuta na dawa za kulevya. Alisema amewekewa. Magazeti matatu makubwa, Vedomosti, Kommersant na RBK, yalitoka na ukurasa wa mbele unaofanana kumtetea, na tarehe 11 Juni kesi ikafutwa kwa kukosa ushahidi. Mei 2021 waliokuwa maofisa watano walihukumiwa, na aliyepewa kifungo kirefu zaidi alipata miaka 12. Golunov alikuwa na jina na wenzake wa kumpigania. Gruzdev alikuwa na Sharapov. Watu wa kawaida wanaobambikiwa, Urusi au Tanzania, mara nyingi hawana hata mmoja wa hao.

Sisemi tamthilia ndiyo iliyowafundisha maofisa wale. Ninachosema ni kwamba makofi tunayompigia Zheglov ni ruhusa, na warithi wake kwenye skrini wanaitumia. Glukhar ya kituo cha NTV, iliyoanza mwaka 2008, ina mpelelezi anayepindisha kesi na kupokea chochote, tena ndiye kipenzi cha watazamaji kwa sababu ana moyo mzuri kwa marafiki. Wengi waliisifu kwamba hatimaye polisi wameonyeshwa walivyo. Sawa, wameonyeshwa. Ila Zheglov alikuwa na mtu wa kumwambia hapana ndani ya chumba kilekile.

Mtu huyo, kwa bahati mbaya, wengi hawampendi. Konkin anasemwa kuwa mlaini mno, mtoto wa shule, hafanani na askari aliyevuka mstari wa adui. Hata akina Vainer hawakumtaka kwa nafasi ile. Nakubali kwamba akisimama karibu na Vysotsky anafifia. Ni nani asingefifia? Lakini ulaini ule ndio unaofanya mwisho uumize. Sharapov anajipenyeza kwenye genge na kumkuta humo Levchenko, askari aliyepigana naye vitani. Levchenko angeweza kumfichua mbele ya wenzake, na hakumfichua. Genge linapotolewa nje, Levchenko anakimbia kwenye theluji, Sharapov anapiga kelele asipigwe risasi, na Zheglov analenga na kumuua. Kwake ni jambazi mmoja amepungua. Sharapov anamwambia amemuua mtu aliyeokoa maisha yake.

Wapo wanaodai kwamba filamu yenyewe iko upande wa Zheglov, kwa kuwa imempa Vysotsky. Mimi nawajibu kwa jambo moja la wakati wa upigaji picha. Govorukhin alilazimika kusafiri, akamwachia Vysotsky aongoze baadhi ya matukio, na mojawapo ni lile la Zheglov akimhoji Gruzdev. Tukio ambalo kapteni anatisha kuliko mahali pengine popote, akimponda mtu asiye na hatia kwa uhakika wa kutisha, liliongozwa na yule aliyekuwa akimcheza. Angeweza kujipunguzia makali, kwa kuwa kamera ilikuwa chini ya amri yake. Alimwachia Yursky nafasi yote ya kukaa na heshima yake, na yeye mwenyewe akabaki kuwa yule mwenye kelele.