Kumjulia Hali

Sijui ni nani huwapigia baragumu. Mtoto wangu akiwa macho, mtaa wetu huu wa Mtopanga, Mombasa, hutulia utadhani kuna mtihani wa taifa. Akifumba macho tu, muuza samaki anakumbuka kwamba baiskeli yake ina honi, dereva wa tuktuk anajaribu spika mpya, na jirani wa ukuta wa pili, ambaye tangu Idi hajatundika hata kalenda, anatafuta nyundo.

Leo alilala saa nane na kitu mchana, baada ya usiku ambao wasio na watoto sitawaeleza, na wenye watoto hawana haja ya kuelezwa. Kutapika huku, kuharisha kule, na katikati nipo mimi. Nikamlaza, nikanyata mpaka sebuleni, nikajitupa kwenye kochi. Hata mgongo haujagusa mto:

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Shangazi. Hodi ya shangazi haiombi ruhusa, inatoa taarifa. Na hagongi mlango kwa mkono, anagonga kwa pete. Chumbani mtoto akaitikia kwa kilio kabla yangu.

Aliingia na mabuibui matatu nyuma yake. Wawili nawafahamu. Wa tatu simjui mpaka saa hii ninavyosema nanyi, na nikiangalia vizuri naona hata wao hawakumjua. Kila mmoja alidhani amekuja na mwenzake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Tumekuja kumjulia hali mgonjwa."

Hali alikuwa nayo nzuri sana mpaka hapo. Na nisieleweke vibaya, kumzuru mgonjwa ni jambo la thawabu na mimi si mtu wa kuwanyima watu thawabu zao. Lakini sijasikia popote kwamba mgonjwa lazima aamshwe ili azurike.

"Kwani mamake yuko wapi?"

"Yuko kazini, shangazi."

"Kazini!"

Vichwa vinne vikatikisika kwa pamoja. Mke wangu yuko hotelini, Disemba hii, treni inashusha wageni kutoka Nairobi kila siku, na ukiomba ruhusa mwezi huu unapewa ya moja kwa moja. Mimi ni karani wa kliaringi, wa kutoa mizigo bandarini. Tangu makontena yaanze kupanda reli yapite zake bara, sisi makarani tunajuana wenyewe kwa wenyewe, basi tuyaache hayo.

"Mwana kaachiwa mwanamume," shangazi akawaambia wenzake kwa huzuni. Huyo mwanamume alikuwa amesimama mbele yao, mtoto begani, matapishi yanamshuka kifuani, anasikia kila neno.

Baraza likaketi. Wa kwanza akasema ni meno. Nikamwambia meno anayo, kumi na kitu, na ushahidi uko hapa kwenye kidole changu, asubuhi tu nilipokuwa nampa kidonge cha zinki. Akasema basi ni yale ambayo hayajatoka. Wa pili akasema jito. "Mulimpeleka harusini Ijumaa ile na kanzu na kofia ya kiua, hamkumpaka hata wanja, mwataka watu wamtizame vipi?" Shangazi mwenyewe akashitaki feni. Feni ndiyo inayoingiza upepo tumboni. Nikamwambia kwa adabu kwamba stima imekatika tangu alfajiri na feni hiyo haijazunguka. Akaitazama pale juu ilipotulia, akasema, "Hizo ndizo mbaya zaidi."

Yule tusiyemjua akasema labda ni tumbo tu. Nikampenda.

Nikaona nitoe ripoti rasmi, maana mimi ndiye niliyekwenda kliniki, mimi ndiye niliyepanga foleni. Nikasimama wima, nikakohoa. Nikasema: tabibu amempima, ni vijidudu vya tumbo. Chanjo ya rota, yale matone ya kirusi cha kuharisha ambayo watoto wa Kenya wanapewa tangu 2014, aliimaliza yote, kwa hivyo hata huku kuharisha kungeweza kuwa kubaya zaidi. Anapewa maji ya ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini, kwa kijiko, kidogo kidogo. Akitapika tunangoja dakika 10 halafu tunaanza tena polepole. Zinki ni kila siku, kati ya siku 10 na 14, hata kama choo kimekaza. Chakula anaendelea kula. Akishindwa kunywa, akitoa damu chooni, akilegea, au macho yakiingia ndani...

"Macho yameingia ndani!" shangazi akapiga kelele.

Sikumaliza ripoti. Alinipokonya mtoto, akamfungua kope kwa vidole viwili. Mtoto ambaye tangu asubuhi alikuwa amelala begani kwangu bila uti wa mgongo alikusanya nguvu zote alizobakiwa nazo akampiga shangazi teke la kifua. Nilijizuia nisipige makofi.

"Hiyo si nguvu yake," akasema shangazi. "Hiyo ni nguvu ya ugonjwa."

Nikawaambia kuna njia ya kupima kama maji yamepungua mwilini: unaibana ngozi ya tumbo kwa vidole, ukiiachia ikachelewa kurudi, hapo mkimbize hospitali. Kufumba na kufumbua wote wanne walishapanga foleni ya kumbana mtoto wangu tumbo. Ngozi ikarudi papo hapo kwa kila mmoja. Mtoto akalia kilio cha haki kabisa, na machozi yakamtoka, nami nikawaonyesha machozi yale kwa fahari, maana tabibu alisema machozi ni dalili njema, mtoto aliyekaukiwa hulia macho makavu.

"Umemliza mwana halafu wacheka," shangazi akaniambia. Mimi!

Sasa wageni ni wageni. Huwezi kumwacha shangazi aondoke hajanywa chai, habari hiyo itafika Vanga kabla yake. Nikaingia jikoni. Mkebe wa sukari ulikuwa na chungu wawili, nao walikuwa wanatoka. Nikatuma kijana dukani, nikabandika sufuria, gesi ikawaka kwa ile rangi ya njano inayokwambia uage. Yote hayo nikiwasikia sebuleni wanashauriana kuhusu kombe, zile aya zinazoandikwa zikaoshwa akanywa mgonjwa, na ni nani bado anaandika kombe la kweli, la zafarani, si hawa wa rangi ya biriani.

Niliporudi na sinia ya chai, nikaona kawa imewekwa pembeni ya meza.

Chini ya kawa ile kulikuwa na jagi. Ndani ya jagi kulikuwa na lita moja ya maji ambayo nilikuwa nimeyanunua kwa mtungi kutoka kwa mzee wa mkokoteni (mifereji yetu tumeiacha ukutani kama pambo), nikayachemsha, nikayapoza, nikayapima kwa chupa ya nusu lita mara mbili nisizidishe wala nisipunguze, nikatia pakiti ya ORS ile yenye ladha ya machungwa, nikakoroga mpaka mkono ukanilegea.

Jagi lilikuwa tupu. Bilauri nne zilikuwa mezani. Shangazi alikuwa anajifuta mdomo kwa ncha ya leso.

"Juisi yenu ya machungwa nzuri," akasema, "ila mumeitia chumvi."

"Shangazi, hiyo ni dawa ya kuharisha ya mtoto."

Nyumba ikanyamaza. Hata mtoto akanyamaza. Yule wa meno akaweka mkono tumboni polepole.

"Itatuharisha?"

"La, shangazi. Ni ya mtu anayeharisha."

"Basi itatufunga."

"Haifungi. Haizuii kuharisha hata kidogo."

Hapo ndipo nilipofungua mlango ambao nilipaswa kuuacha na kufuli. Shangazi akakaa sawa.

"Haizuii?"

"Haizuii. Yeye ataendelea kuharisha mpaka tumbo litulie lenyewe. Hii inarudisha maji na chumvi zinazopotea."

"Kwa hivyo wampa mtoto dawa isiyozuia."

"Inarudisha maji, shangazi."

"Kama ni maji, si umpe maji?"

"Maji matupu hayana chumvi."

Akawageukia wenzake, mikono hewani. "Si niliwaambia ina chumvi!"

Wote wakakubali kwamba aliwaambia. Kikao kikapitisha kwamba shangazi ana ulimi wa kuonja, na mimi nampa mtoto juisi mbaya. Halafu yule wa jito, kwa tahadhari tu, akaomba aonyeshwe choo, akautumia mtungi wangu wa mwisho wote. Ukiona mtu anatoka chooni na ndoo tupu mkononi anakwambia "maji yenu kidogo," unajua kwamba subira ni ibada nzito.

Nilichemka. Sisemi uongo. Kwa sababu saa tisa za usiku, mtoto ana joto, mke wangu amepitiwa na usingizi kwenye kiti na sare ya kazi ya kesho mapajani, mimi nilikuwa nimeweka sikio kifuani pa mtoto nasikiliza kama pumzi inatoka. Saa tisa za usiku hakuna aliyekuja kumjulia mtu hali. Saa hiyo ndiyo ningempa mtu chai, na mkate wa mofa, na kochi zima.

Lakini utamwambia nani. Nikasema, "Ahsanteni kwa kuja." Wakaondoka, wakaacha chupa ya mafuta ya habasoda, uzi mweusi, na amri kuhusu feni. Yule tusiyemjua alibaki nyuma kidogo, akanishika mkono, akaniuliza hii ni nyumba ya nani.

Nikamfunga mtoto mgongoni kwa leso, nikateremka kutafuta maji na pakiti nyingine. Kijana wa duka la dawa akataka kuniuzia vidonge vya kuzuia kuharisha, "hivi ni mara moja tu, bosi." Nikamwambia kliniki wamenikataza kuwapa watoto wadogo dawa za aina hiyo. Akanitazama, akatazama leso yangu, akaniuliza mamake yuko wapi. Bei ya daipa nimeisoma mara mbili nikidhani ni namba ya simu. Mwenye nyumba tulikutana ngazini, akampa mtoto pole, akanikumbusha kwamba leo ni tarehe 5. Mzee wa mkokoteni kapandisha bei ya mtungi, ati mlima wa kwetu umekuwa mkali. Mlima haukuwepo mwezi jana.

Kumbe mambo yenyewe yalikuwa bado. Shangazi alipofika kwake alifungua simu, akaingia kwenye kundi la ukoo, akatuma sauti. Nimeisikiliza. Anasema, "Nimetoka kwa mgonjwa sasa hivi. Hali ya mtoto..." halafu anavuta pumzi, pumzi ndefu, nadhani ni ngazi alizopanda. "Tumuombeeni tu. Na nyumba ile haina hata sukari."

Binamu yangu aliyeko Muscat akaandika Inna lillahi. Sijui aliiandikia sukari au nini. Wa pili akaiandika kwa sababu wa kwanza kaiandika, wa tatu akaongeza mikono ya dua, na kabla ya magharibi mjomba wa Lamu alikuwa anauliza maziko ni leo au mpaka kesho asubuhi, maana basi la mwisho limeshamwacha. Mweka hazina wa ukoo, mtu ambaye ada za harusi ya dada yangu mpaka leo hajazitolea hesabu, akafungua orodha ya mchango. Michango ikaanza kuingia kwenye simu yangu, na ndivyo nilivyojua kwamba mwanangu amefariki.

Naye wakati huo alikuwa ameketi sakafuni kwa jirani, ambaye alikuwa anakaanga viazi karai vya kuuza jioni, ameshika kimoja kwa mikono miwili. Hakutapika. Nilimpiga picha, nikaituma kwenye kundi bila neno.

Mnadhani walifurahi? Shangazi akaandika, "Mgonjwa wa tumbo wampa viazi vya mafuta?" Mjomba akauliza kwa hiyo asije. Na binamu mmoja wa Likoni, ambaye alikuwa ametuma shilingi 200 akitangaza kila mtu aone, akaniandikia pembeni kwamba anamshukuru Mungu mtoto yuko salama, na kwa kuwa yuko salama, nimrudishie.

Nimemrudishia. Nimekata 7 za kutumia, kwa sababu sikuomba hela ya mtu, na mtoto wangu hakuomba kufa. Nimemtumia 193.

Kaandika, "Bado saba." Nimemwambia ada ya kutuma ni ya aliyezitaka. Anasema aliyezitaka ni mimi kwa kuugulisha mtoto. Sasa ameipeleka kesi kwenye kundi, na mweka hazina amesema suala hilo ni zito, lahitaji mkutano, na mkutano lazima uwe na chai, nao kwa kuwa mgonjwa bado hajapona sawasawa, ufanywe hapahapa kwangu Jumapili.