Umbo au Nasaba: Wanyama wa Kusini na Mjadala wa Uainishaji

Mwanafunzi anayeanza kusoma zoolojia, yaani sayansi ya wanyama, katika shule ya sekondari ya Lindi au Mtwara hukutana kwanza na ngazi za uainishaji: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. Hukariri ngazi hizo kwa mpangilio wake, kisha hukariri sifa za kila kundi, kwamba samaki ana mapezi na matamvua, reptilia ana magamba makavu, ndege ana manyoya na mamalia hunyonyesha. Mpangilio huu unatokana na kazi ya Carl Linnaeus wa Uswidi, ambaye toleo la 10 la kitabu chake, la mwaka 1758, ndilo linalohesabiwa kuwa mwanzo rasmi wa majina ya kisayansi ya wanyama. Upande wa pili wako wanabiolojia wanaoshikilia kwamba kundi la wanyama halistahili kuitwa kundi mpaka liwe limemkusanya mzazi mmoja wa kale pamoja na vizazi vyake vyote, bila kumwacha hata mmoja. Hoja hiyo ina mizizi katika kazi ya Charles Darwin ya mwaka 1859, na kanuni zake ziliwekwa wazi na Mjerumani Willi Hennig mwaka 1950. Ninalotaka kulipima hapa ni lipi kati ya hayo mawili, umbo au nasaba, liwe msingi wa somo tangu kipindi cha kwanza.

Wanaotetea umbo wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Afisa uvuvi anayeandika takwimu za samaki walioshushwa feri ya Mtwara asubuhi hana maabara ya vinasaba mkononi; anachokitegemea ni macho, na macho hayo humtosha kutenga changu na tasi, au papa na taa. Mwalimu wa kijijini yuko katika hali hiyohiyo. Isitoshe, kuangalia umbo si lazima kuwe kuangalia juujuu. Ni Linnaeus huyohuyo aliyewatoa nyangumi na pomboo katika kundi la samaki mwaka 1758 na kuwaweka pamoja na mamalia, kwa sababu alizingatia mapafu, moyo na maziwa kuliko umbo la nje linalofanana na la papa. Miaka 101 kabla ya Darwin kuchapisha hoja yake, mtu aliyechunguza mwili kwa makini alikuwa ameshaifikia nasaba ya nyangumi bila kujua kwamba ndiyo aliyoifikia.

Hoja yao ya pili ni uthabiti wa majina. Mnyama mkubwa aliyechimbuliwa Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, katika uchimbaji wa Wajerumani wa 1909 hadi 1913, alipewa jina Brachiosaurus brancai na Werner Janensch mwaka 1914, kwa kudhaniwa kuwa wa jenasi moja na dinosaria aliyekwisha kupatikana Marekani. Mifupa yake, iliyobebwa na wenyeji kwa miguu hadi bandari ya Lindi, iliunganishwa na kusimamishwa Berlin mwaka 1937, na leo ina kimo cha zaidi ya mita 13, na vizazi vya wasomaji vikalijua jina hilo. Baadaye wataalamu walipendekeza jenasi nyingine, Giraffatitan, na mwaka 2009 Michael Taylor alilinganisha mifupa ya Tendaguru na ile ya Marekani, akahitimisha kwamba wanyama hao wanatofautiana kiasi cha kustahili jenasi mbili. Mfupa haukubadilika, kilichobadilika ni maoni juu ya udugu wake. Ukiufunga uainishaji kwenye nasaba, wasema watetezi wa umbo, kila utafiti mpya utavuruga vitabu, lebo za makumbusho na sheria zilizoandikwa kwa majina ya zamani.

Nakubali kwamba usumbufu huo upo. Lakini kuna mnyama mmoja wa misitu yetu ambaye, kwa maoni yangu, anaielemea mizani upande wa pili, naye ni sange. Sange wa misitu ya Lindi na Mtwara ni mnyama mdogo wa takribani gramu 200, mwenye mkia mrefu, masikio yaliyosimama na pua ndefu laini inayozunguka huku na huko bila kutulia anapopekua majani makavu akitafuta mchwa na sisimizi. Miguu yake ya nyuma ni mirefu na myembamba, kila mmoja una vidole vinne, na hupita katika vijia vyake mwenyewe vilivyosafishwa kwa kupitwa mara kwa mara. Akishtuka, huipiga ardhi kwa miguu hiyo kwa mfululizo unaosikika. Ukimwona mara moja utasema ni panya mwenye pua ya ajabu, na wataalamu nao walihangaika naye kwa muda mrefu, mara wakimweka pamoja na wala wadudu wadogo kama virukanjia, mara wakimsogeza karibu na sungura. Katika miaka ya 1990 ushahidi wa vinasaba ulimpeleka ambako hakuna umbo lingeweza kumpeleka: katika ukoo mmoja na tembo, nguva, pimbi na mhanga, ukoo uliotokea Afrika na kupewa jina Afrotheria mwaka 1998.

Wenyeji wa kusini hawapaswi kuona jambo hili kuwa geni. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, mtoto ni wa ukoo wa mama yake hata akiwa amefanana na jirani kuliko anavyofanana na mjomba wake, na hakuna anayeamua urithi kwa kutazama sura. Tembo wa Liwale, nguva wachache waliosalia katika maji ya Kilwa na Rufiji, na sange wa msitu wa Rondo ni ndugu wa mbali wanaoishi katika ukanda mmoja. Mwanafunzi wa Lindi anayefundishwa kwa umbo tu atamaliza shule akiamini kwamba sange ni jamaa wa panya na nguva ni jamaa wa pomboo, na atakuwa amekosea mara mbili.

Bahari nayo inatoa ushahidi wake. Mwaka 2003 wavuvi wa Kilwa walimnasa silakanti, samaki wa kilindini ambaye kabla ya mmoja kuvuliwa Afrika Kusini mwaka 1938 alijulikana kwa visukuku tu, na alidhaniwa kuwa ametoweka pamoja na dinosaria. Mapezi yake yamebebwa na vikonyo vya nyama vyenye mifupa ndani, mfano wa mwanzo wa mkono. Kwa umbo ni samaki bila shaka. Kwa nasaba, yeye na kamongo wako karibu na binadamu kuliko walivyo karibu na changu. Jongoo bahari pia, ambaye hana kichwa wala macho, yuko upande wa ukoo wenye uti wa mgongo, wakati pweza mwenye macho makali na akili nyingi yuko upande wa konokono.

Hapa wapinzani wa nasaba huuliza swali zuri: je, tufute kundi la samaki, ikiwa haliwezi kuwa kamili bila sisi wenyewe kuwamo? Sioni haja hiyo. Kundi la samaki litaendelea kuhitajika mnadani, katika leseni za uvuvi na katika mapishi, mradi mwanafunzi aambiwe waziwazi kwamba hilo ni kundi la matumizi. Wala nasaba si ufunuo usiokosea. Kasa wanaotaga katika fukwe zetu waliwekwa kwa miaka mingi kwenye tawi la kale kabisa la reptilia, kwa sababu fuvu lao halina matundu nyuma ya macho; vinasaba vikawasogeza karibu na mamba na ndege. Huenda matawi mengine yakasogezwa tena. Kinachonifanya niipe nasaba uzito zaidi ni kwamba inapokosea, kosa lake linaweza kuonyeshwa kwa ushahidi mpya, ilhali kundi lililojengwa juu ya mfanano uliochaguliwa na mtu halina kitu cha kulikosoa isipokuwa chaguo la mtu mwingine.

Suala hili lina uzito hata nje ya darasa. Komba wa Rondo, mwenye gramu 60 hivi, alitambuliwa rasmi kuwa spishi mwaka 1997, na mwaka 2017 akahamishiwa jenasi mpya, Paragalago. Usiku, kwa tochi, ni vigumu kumtenga na komba wadogo wengine. Watafiti walimtambua kwanza kwa mlio wake, kwa kuwa kila spishi ya komba huita kwa namna yake. Anapatikana Tanzania tu, katika vipande vichache vya misitu ya pwani kama Rondo na Litipo mkoani Lindi, Pugu na Pande karibu na Dar es Salaam. Angeendelea kuhesabiwa kuwa komba wa kawaida, misitu hiyo ingekosa moja ya sababu kubwa za kulindwa, kwa sababu orodha za wanyama walio hatarini huandikwa kwa spishi, na spishi isiyotambuliwa haimo katika orodha yoyote.

Ngazi za Linnaeus zibaki, basi, kama njia ya kuwataja na kuwapanga wanyama, na majina ya sehemu mbili yabaki kwa sababu hatuna mbadala bora. Yanayopaswa kubadilika ni maswali ya mtihani. Badala ya kumtaka mwanafunzi ataje sifa tano za reptilia, apewe mamba wa Mto Ruvuma, kenge na kunguru, aulizwe wawili gani wana mzazi wa karibu zaidi na kwa ushahidi gani. Akitazama ngozi atamweka mamba na kenge. Akipasua moyo atakuta kenge ana vyumba vitatu, ilhali mamba na kunguru wana vinne.