Msaada usiishie kwenye kupima

Nimesoma habari hii ya msaada wa kupima kansa ya matiti bure hapa Bukavu, na nimefurahi kweli. Ila naomba wenye fedha watusikilize. Dada yangu mkubwa, muuza sambaza (wale samaki wadogo) soko la Kadutu, naye alipimwa bure. Walimkuta na uvimbe kama punje ya haragi, hauumi hata kidogo. Ndiyo maana wamama wengi wanakaa kimya: kisichouma, nani atakipeleka hospitali? Kisha akaambiwa kipande cha nyama kipelekwe maabara, na hapo bure ikaisha. Tulichangishana miezi mitatu. Kila jioni alikuwa akijishika chini ya kitenge kuona kama uvimbe umekua. Shirika la Afya Duniani linataka ugonjwa uthibitishwe ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Kwetu siku 60 zilipita hata maabara hatujailipa.

Basi fungu litengwe kwa maabara, dawa, na nauli ya mama anayetoka Kabare au Walungu. Na wauguzi wa vijijini wafundishwe kupima kwa mikono, maana mashine ya mamografia, ile ya kupiga picha ya matiti, haitafika kila mahali. Dada bado yuko kwenye dawa. Wiki jana alirudi sokoni, Mungu asifiwe.