Miezi minne kwa dola milioni 40

Jumapili iliyopita, pale Mwanjelwa, jijini Mbeya, nilimsikia mzee ninayemheshimu akimsifu mfanyabiashara aliyeuza mashine ya kukobolea mpunga usiku wa kuamkia siku ya kesi, ilhali mashine hiyo ilikuwa chini ya amri ya zuio, yaani mahakama ilikuwa imekataza isiuzwe wala kuhamishwa. Kwake huo ndio ujanja. Nilikuwa nimekwisha kumwamkia, kwa hiyo nilinyamaza, lakini chai haikupita kooni.

Shangazi yangu wa Uyole aliwahi kudai fedha za viazi vyake, mahakama ikazuia ghala na Fuso la mdaiwa, na tulipofika asubuhi tulikuta karatasi ya mahakama mlangoni, imelowa ukungu, na uani limebaki doa la oili. Mdaiwa aliomba radhi, akaonywa, akaenda zake kula viazi, vya shangazi bila shaka.

Amri ya 37 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inaruhusu mvunja zuio akamatiwe mali na azuiliwe kama mfungwa wa madai kwa muda usiozidi miezi 6. Wanaolalamika kwamba ni ukatili kumfunga mtu kwa deni wanachanganya mambo kwa makusudi, kwa maana hafungwi kwa kudaiwa; anafungwa kwa sababu hakimu alimwambia asiguse, naye akagusa. Onyo analopewa tajiri wa namna hiyo ni sawa na risiti ya kununulia ukaidi.

Nakubali, shingo upande, kwamba zuio linaweza kumbana mtu hata kwenye ada ya watoto, lakini mlango wa kuomba amri ilegezwe uko wazi, na hauko uani usiku wa manane.

Kifungo peke yake, hata hivyo, hakitoshi. Mahakama ya London ilimpa Mukhtar Ablyazov, aliyekuwa bosi wa benki moja ya Kazakhstan, miezi 22 mwaka 2012 kwa kutotaja mali zake kama alivyoamriwa, naye akawa amekwisha kutoroka. Mahakama ya Juu ya India ilimpa mfanyabiashara Vijay Mallya, aliyekuwa akidaiwa na mabenki, miezi 4 mnamo Julai 2022 kwa kuwahamishia watoto wake dola milioni 40 kinyume cha amri, naye yuko Uingereza tangu 2016. Wengi walicheka hiyo miezi, lakini mimi nilisoma sehemu nyingine ya amri hiyo: fedha zirudishwe pamoja na riba ya asilimia 8, la sivyo mali zikamatwe. Hicho ndicho ambacho shangazi hakukipata.

Nakala ya zuio ameihifadhi ndani ya Biblia. Fuso, ambalo sasa limepakwa rangi ya bluu, nimeliona mara mbili likitokea Igawilo, limejaa viazi.