Ukali Tunao, Ladha Iko Wapi?

Kaa jioni kwenye kibanda chochote cha chipsi. Mezani kuna chupa ya plastiki iliyotobolewa kifuniko, na ndani yake ni maji mekundu yenye siki, chumvi na rangi. Mteja akitokwa na machozi, basi pilipili hiyo inasifiwa. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mtindo huo umeshahamia majumbani. Pilipili mbuzi zinatupwa kwenye blenda pamoja na kikombe cha maji, siki inamiminwa, sufuria inakaa jikoni dakika 10, kazi imekwisha. Kesho yake chupani maji yamejitenga chini na makapi yameelea juu, na mwenye nyumba anaahidi kuongeza pilipili safari ijayo.

Kuongeza pilipili hakutasaidia. Kinachowasha ni kapsaisini, na kapsaisini yenyewe haina ladha wala harufu. Ukizidisha pilipili maradufu umezidisha moto tu. Ladha ya pilipili ya kupika inatoka kwingine: kwenye kitunguu, nyanya, mafuta, chumvi, na ile harufu ya tunda iliyomo kwenye pilipili mbuzi, ambayo wengi wetu tunaichemsha mpaka inaishia hewani.

Adui mkubwa ni maji. Sufuria yenye maji haivuki nyuzi 100, uwashe moto wa namna gani. Kitunguu hakiwezi kuwa cha kahawia humo. Kitachemka, kitalegea, kitabaki na harufu ile ya ubichi. Utamu wa kitunguu kilichokaangwa unaanza kujengeka joto likifika kama nyuzi 140, na joto hilo halifiki mpaka maji yatoke. Ndiyo maana kikombe kimoja cha maji kinachowekwa ili blenda izunguke kinaharibu kazi yote: utakaa jikoni dakika 20 zaidi ukiyafukuza, au utachoka na kuepua kabla hayajaisha. Wengi wanaepua. Kama blenda inakwama, tia sehemu ya mafuta au ya siki uliyokwisha kuipima. Kinu na mchi ni bora zaidi, maana vinaponda bila kudai maji.

Vipimo vya chupa tatu za mililita 250 ni hivi: pilipili mbuzi 15 zilizoiva (kama gramu 150), vitunguu maji 3 vya wastani, nyanya 4 zilizoiva, karoti 2, kichwa kimoja cha kitunguu saumu, tangawizi ukubwa wa kidole gumba, mafuta ya alizeti mililita 150, siki mililita 100, chumvi vijiko 2 vya chai. Mafuta hayo yanaonekana mengi. Usiyapunguze, kwa sababu kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta na haiyeyuki kwenye maji. Mafuta ndiyo yanayousambaza ukali sawasawa, badala ya kijiko kimoja kuchoma na kingine kuwa kimya.

Anza na vitunguu maji peke yake, vilivyokatwa vidogo, kwenye mafuta yenye moto wa wastani, na nusu ya chumvi ili vitoe maji mapema. Dakika 15, usikimbie. Vikishakuwa vya dhahabu ndipo uingize saumu na tangawizi zilizopondwa, kwa dakika moja tu. Saumu ikitangulizwa itaungua kabla kitunguu hakijaiva, na uchungu wake hautibiki kwa sukari wala kwa kitu kingine. Kisha nyanya na karoti zilizokunwa. Karoti inaleta uzito na utamu kidogo, kwa hiyo unga wa mahindi hauna kazi hapa.

Hatua hii ya nyanya ndiyo inayotenganisha pilipili na pilipili. Sikiliza sufuria. Mwanzoni inatokota kwa sauti nzito, povu linapanda, mvuke ni mwingi. Baada ya dakika 15 hadi 20 sauti inageuka, inakuwa ya kukaanga, nyembamba na kavu, na mafuta mekundu yanaanza kujitokeza pembeni. Pitisha mwiko katikati mpaka chini. Njia ikijifunika papo hapo, bado kuna maji. Ikibaki wazi na mafuta pekee yakachuruzika ndani yake, imekuwa tayari kupokea pilipili.

Tia pilipili 12 zilizopondwa, moto mdogo, dakika 10. Usizimimine kwenye mafuta matupu yenye moto mkali, maana moshi wake utatoa watu nyumbani kwa kikohozi. Tatu zilizobaki zikate vidogo sana uziweke kando. Mimina siki na chumvi iliyobaki, iache ichemke dakika 3, zima jiko, ndipo uzichanganye hizo tatu mbichi. Harufu ya pilipili mbuzi inakimbizwa na moto, kwa hiyo sehemu yake lazima iingie mwishoni. Ndimu nayo ni hivyo hivyo: ikipikwa inabaki chachu tu, harufu imekwenda.

Ukitaka kupunguza ukali, kwangua ule utando mweupe unaoshika mbegu. Watu wanatoa mbegu na kuuacha utando, wakati kapsaisini nyingi imo kwenye utando, na mbegu zinawasha kwa sababu zimegusana nao. Mikono ipake mafuta kwanza, kisha ioshe kwa sabuni.

Pilipili kichaa inafaa kukaushwa au kutumbukizwa nzima kwenye siki. Kwenye pilipili ya kupika haina harufu ya tunda ya mbuzi, na anayeitumia peke yake anarudi kule kule kwenye moto mtupu.

Moshi wa mkaa ni jambo jingine kabisa. Kabla ya kupika, choma nyanya na nusu ya pilipili juu ya makaa yaliyokwisha kutulia, mpaka ngozi iwe na mabaka meusi. Ondoa ngozi ya nyanya, ya pilipili iache. Makaa yenye ndimi za moto yanaacha masizi, na masizi ni machungu.

Kwa bajia na viazi karai, punguza siki hadi mililita 50, weka ukwaju: gramu 100 kwenye nusu kikombe cha maji ya moto, kamua, chuja, uingize pamoja na nyanya ili maji yake yapate muda wa kukauka. Embe bichi lililokunwa nalo ni zuri. Bizari nyembamba, nusu kijiko cha chai, ikaangwe kwenye mafuta kabla ya kitunguu. Ikinyunyiziwa mwishoni ina ladha ya vumbi.

Nakubali, pilipili mbichi iliyopondwa kwa chumvi na ndimu ina nafasi yake, hasa kwenye mishikaki na samaki wa kuchoma. Lakini hiyo ni ya kuliwa siku ile ile.

Kuhusu kuhifadhi, tafadhali msifanye mchezo. Saumu ndani ya mafuta bila asidi ya kutosha, ikikaa kwenye joto la kawaida, ni mahali ambapo bakteria wa botulizimu hustawi, na sumu yake haionekani wala hainuki. Siki isipunguzwe bila kuweka kitu kichachu badala yake. Chemsha chupa dakika 10, jaza pilipili ikiwa ya moto, ikipoa iende kwenye friji, na imalizike ndani ya mwezi. Asiye na friji apike robo ya kipimo, ya siku mbili. Kijiko kiwe kikavu. Na chupa ya friji isifunguliwe kabla ya siku mbili: siku ya kwanza siki iko mbele ya kila kitu, siku ya tatu imekaa mahali pake na kitunguu kinasikika.