GB 64 ni kanda ngapi?

Mwambie mtu kuwa kadi ya simu yake ina GB 64, ataitikia tu na kuendelea na shughuli zake. Mwambie kuwa inabeba muziki wa kujaza kanda 740 za dakika 90, hapo atakaa sawa akusikilize. Hesabu yake si ngumu. Wimbo wa MP3 wa kilobiti 128 kwa sekunde unakula MB 0.96 kila dakika, kwa hiyo GB 64 inachukua takriban saa 1,111 za muziki. Gawanya kwa saa moja na nusu, jibu ni hilo. Anayekumbuka kabati la kanda pale sebuleni anajua 740 ni mzigo wa duka zima.

Wapo wanaoona hesabu za namna hii ni mchezo wa kupoteza muda. Sikubaliani nao kabisa. Bando tunanunua kwa GB, simu tunachagua kwa GB, na bado wengi wetu hatuna picha ya kinachoingia humo ndani. Vyombo vya zamani vilionekana na kushikika, ndiyo maana vinafaa kuwa kipimo.

Chukua flopi ya inchi 3.5, ile diski ya kubebea barua na CV kwenda kuchapisha stesheneri. Uwezo wake ulikuwa baiti 1,474,560. Maandishi matupu ya Kiswahili yanakula baiti moja kwa kila herufi, kwa hiyo kurasa 700 zenye herufi 2,000 kila moja zinaingia na nafasi inabaki. Tasnifu ya mtu ilikaa humo. Lakini picha moja ya simu ya leo yenye MB 3 haiingii, mpaka uikate vipande na kutafuta flopi tatu. Na ile mashine ya RAMAC ya IBM ya mwaka 1956, kompyuta ya kwanza kuuzwa ikiwa na hifadhi ya diski, ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24, na kitengo chake cha diski kilikuwa na uzito wa karibu tani moja. Ilibeba takriban MB 3.75. Picha yetu ile ile ingekaribia kuijaza.

Kinachoniudhi ni hesabu zinazotupwa mtandaoni bila kusema zimepigwaje. Dukani, GB moja ni baiti bilioni moja. Windows inahesabu kwa 1,024 badala ya 1,000 katika kila hatua, kutoka baiti hadi KB, MB na GB, ndiyo maana kadi ya GB 64 inasomeka 59.6 hivi na watu wanadhani wamepunjwa. Flopi yenyewe iliitwa ya MB 1.44 kwa kuchanganya hesabu zote mbili: KB 1,440 za baiti 1,024 kila moja, kisha zikagawanywa kwa 1,000!

Kwenye sauti ndiko mambo yanakuwa mazito. Muziki wa bendi kama NUTA Jazz ulirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam kwenye kanda kubwa za gurudumu. Gurudumu la inchi 7 lenye futi 1,200 za utepe, likizunguka kwa inchi 7.5 kwa sekunde, linatoa dakika 32. Sasa, GB 64 ni magurudumu mangapi ya aina hiyo? Kwa MP3 ya kilobiti 128, zaidi ya 2,000. Kwa ubora wa CD, 188. Kwa biti 24 na kilohezi 96, yaani sauti inapimwa mara 96,000 kila sekunde na kila kipimo kinaandikwa kwa biti 24, kiwango ambacho watu wa nyaraka za sauti wanakipendelea, ni 57 tu. Kadi ni ile ile na muziki ni ule ule. Tofauti kati ya 2,000 na 57 ni sauti iliyotupwa, na ikishatupwa hairudi.

Halafu kuna hatari. Kanda ikikatika uliifungua, ukaunganisha utepe kwa selotepu, ukairudisha kwa kuzungusha kalamu kwenye tundu lake, ukakosa sekunde mbili za wimbo. Kadi ikifa, kanda zote 740 zinaondoka pamoja, pengine na sauti ya bibi aliyerekodiwa akisimulia ukoo. Ningependa kila mwenye kadi aipige hesabu hiyo kabla ya kuamua kama nakala moja inatosha. Kwangu haitoshi: nataka ya pili kwenye diski iliyo nyumba nyingine.

Na ukisikia mtu anajisifu kuwa amehamisha kanda zote za redio ya mkoa au za kikundi cha taarabu kwenye fleshi moja, mpongeze, kisha umuulize mambo mawili: amezihamisha kwa biti ngapi, na kanda zenyewe ziko wapi sasa.